Panya Aliyepungukiwa na Wiki Moja

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi jioni ukumbini kwetu. Waliokuwa safarini na waliozuiwa na mvua wameniomba niiandike yote, nami nimeiandika kama ilivyotoka kinywani. Michoro ya ukutani nimeiacha.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Sijasikia. Hamjambo? Haya, sasa nimejua kuna watu.

Nina kichupa mfukoni. Hiki hapa. Wa nyuma mnakiona? Hakizidi kidole gumba, ndani mna unga mweupe, na karatasi iliyobandikwa ina maandishi nisiyoweza kuyasoma. Kililetwa nyumbani kwangu na kijana mmoja wa mtaa huu anayefanya mazoezi jimu. Akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, wanasema hii ni homoni ya ukuaji. Inajenga misuli, inakata kitambi, na ukiitumia huzeeki. Ni kweli?"

Nikamwambia, mwanangu, jibu lipo, ila ni refu. Niachie kichupa, nipe mpaka Jumamosi.

Jibu hilo ndilo lililotukusanya. Na watakaolijibu kwanza si watu, ni panya. Nikisema panya, msimfikirie panya buku wa mtaroni. Namsema yule mdogo anayepenya ghalani kwenye tundu la upana wa kidole. Huyo huyo, akiwekwa maabara, akalishwa vizuri na asimwone paka, huishi miaka miwili, miwili na nusu. Akifika mitatu ni mzee wa kuamkiwa. Ishikeni hesabu hiyo, tutairudia.

Sasa homoni yenyewe. Chini ya ubongo, usawa wa nyuma ya pua, pana tezi ndogo kama punje ya njegere. Inaitwa pituitari. Tezi hiyo humwaga homoni ya ukuaji kwenye damu. Homoni inatembea mpaka kwenye ini, inabisha hodi. Mlango inaoubisha tunauita kipokezi. Ini likiitika "karibu", linamtuma mjumbe wa pili, jina lake IGF-1, ambaye kwa umbo ni kama binamu wa insulini. Huyo ndiye anayezunguka kwenye mifupa na misuli akipiga mbiu: kueni, jigaweni, ongezekeni!

Lakini homoni hii ina kazi nyingine ambayo wauza vichupa hawaitaji. Inayeyusha mafuta, hilo watalisema. Wasilosema ni kwamba inashindana na insulini. Insulini inaiambia sukari iingie ndani ya misuli. Homoni ya ukuaji inaiambia isubiri nje. Naona wenye kisukari wameanza kukaa vizuri kwenye viti.

Haya, twende kwenye hadithi ya kwanza. Mwaka 1982, huko Marekani, maabara ya Richard Palmiter iliyoko Seattle na ya Ralph Brinster iliyoko Philadelphia zilishirikiana kufanya jambo lililowashangaza watu. Walichukua jeni ya homoni ya ukuaji kutoka kwa panya mkubwa, wakaidunga kwenye mayai ya panya mdogo yaliyokwisha kurutubishwa. Baadhi ya watoto waliozaliwa wakakua, wakakua, wakakua, mpaka wengine wakafika karibu mara mbili ya ndugu zao waliozaliwa tumbo moja. Picha ya panya wawili, jitu na wa kawaida bega kwa bega, ikazunguka dunia nzima.

Picha ile ilizunguka. Je, yaliyowapata baadaye yalizunguka?

Majitu yale yalizeeka upesi. Manyoya yalichakaa, migongo ikapinda, uzazi ukakoma mapema. Figo zao zikaharibika. Maini yakaota uvimbe. Kwa wale waliokuwa na homoni nyingi zaidi, umri ulipungua karibu nusu. Nusu! Na sikilizeni hili, wanangu wa jimu: hawakuwa wanene. Walikuwa wakavu, mafuta kidogo, nyama tele, mwili ambao mtu angeuweka kwenye bango. Lakini ndani, insulini ilikuwa imejaa kwenye damu na mwili hauisikii. Nje wanameta, ndani wanakwenda kwenye kisukari. Wahenga waliposema ukubwa ni jalala hawakuwa wakimsema panya, lakini angewaelewa.

Ikiwa homoni nyingi inazeesha, basi isipokuwepo kabisa itakuwaje?

Swali hilo lilimshika Andrzej Bartke, mzaliwa wa Poland aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Southern Illinois. Panya wa kumjibu walikuwapo siku nyingi. Tangu mwaka 1929 George Snell alikwisha kueleza ukoo wa panya vibete, na baadaye ukapatikana ukoo mwingine huko Ames, katika jimbo la Iowa. Kibete wa Ames ana kasoro kwenye jeni moja inayoijenga pituitari. Hatengenezi homoni ya ukuaji. Akikua anafika kama theluthi ya uzito wa nduguye. Kwa miaka mingi watu walimwona ni kiumbe wa kuhurumiwa.

Mwaka 1996, Holly Brown-Borg, Bartke na wenzao walichapisha hesabu ya umri wa vibete hao. Madume waliishi karibu mwaka mzima zaidi ya ndugu zao wa kawaida. Majike, zaidi ya mwaka. Kwa panya! Nilisema ishikeni ile hesabu: mnyama wa miaka miwili na kitu anaongezewa mwaka. Ni kama mzee wa miaka 75 aambiwe bado ana thelathini na kitu mbele yake, na mashamba yake anayalima mwenyewe.

Mwenye kusikiliza vizuri atanisimamisha hapa. Atasema, Mwalimu, subiri, huyo kibete wa Ames hakukosa homoni moja. Kweli. Pituitari yake inakosa tatu: ya ukuaji, ya kuleta maziwa, na ile inayoamsha tezi ya shingo. Utajuaje ni ipi iliyomrefushia maisha? Swali zuri. Ndilo lililoulizwa.

Jibu lilitoka Ohio, kwa John Kopchick. Mwaka 1997 yeye na wenzake walitangaza panya ambaye homoni anayo, tena anayo nyingi kuliko kawaida, ila mlango hana. Walimwondolea jeni ya kipokezi. Homoni inabisha hodi, hodi, hodi. Hakuna wa kuitika. Kwa kuwa haitikiwi, pituitari inazidi kupiga kelele. Lakini ini halimtumi mjumbe, IGF-1 inakuwa chini sana, na panya anabaki mdogo. Kila kitu kingine kwenye pituitari kipo. Naye akaishi sana.

Mmoja wa ukoo huo alilelewa kwenye maabara ya Bartke. Hakupewa jina la mapenzi, alipewa namba tu: GHR-KO 11C. Alikufa Januari 2003, na alikuwa ameishi siku 1,819. Pigeni hesabu wenyewe. Miaka mitano ni siku 1,826. Alibakiza wiki moja tu afikishe miaka mitano. Mwaka huo huo alishinda zawadi iliyowekwa kwa ajili ya panya aliyeishi muda mrefu kuliko wote. Marehemu hakuhudhuria.

Na niwape jambo la pembeni ambalo halithibitishi chochote, ila mimi hulipenda. Katika jimbo hilo hilo la Illinois, mji wa Alton, alizaliwa Robert Wadlow, mtu mrefu kuliko wote waliowahi kupimwa kwa uhakika: mita 2.72. Pituitari yake haikujua kunyamaza. Alikufa mwaka 1940 kwa kidonda cha mguuni kilichoingia vijidudu. Alikuwa na miaka 22.

Sasa nifike ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo mimi mwenyewe nilipogundua kwamba nimekuwa nikiwafundisha watoto wa watu nusu ya somo.

Panya wa Kopchick ni mnene. Ndiyo, mnene! Kwa kila gramu ya mwili wake, ana mafuta mengi kuliko nduguye wa kawaida, hasa chini ya ngozi. Kwa mujibu wa mabango yetu ya kliniki, huyu angeitwa pembeni apewe ushauri. Lakini mpimeni damu. Sukari iko chini. Insulini ni kidogo, na hiyo kidogo inasikika vizuri mno. Ukimdunga tone, sukari inashuka. Yule jitu mkavu ana kisukari kinachonyemelea, huyu mnene mfupi hana. Mama zangu, mmewahi kuambiwa hivyo?

Watafiti nao walikuna kichwa. Wakasema, tuwafanyie upasuaji. Wakawafungua panya matumbo wakawatoa mafuta yaliyozunguka viungo vya ndani, yaani kile kitambi cha ndani tunachokiogopa. Panya wa kawaida alipotolewa mafuta hayo alipata nafuu: insulini ilipungua kwenye damu, na ile iliyobaki ikasikika vizuri zaidi. Tulitegemea hivyo. Kisha wakamtoa mafuta hayo hayo panya asiye na kipokezi. Mnafikiri ilikuwaje? Alipata nafuu?

Aliharibikiwa. Mwili wake ulianza kushindwa kuimudu sukari uliyokuwa ukiimudu. Majibu hayo yalitoka mwaka 2012, na niliposoma niliiweka karatasi chini nikaenda kuchota maji.

Kwa nini? Kwa sababu mafuta si gunia la mahindi lililowekwa pembeni. Mafuta ni kiungo, yanaongea. Yanatoa homoni zao wenyewe, na mojawapo, adiponektini, inausaidia mwili kuisikia insulini. Kwa panya asiye na kipokezi, mafuta yanaitoa kwa wingi. Kwa panya jitu, adiponektini ni haba. Mkiyaondoa mafuta ya huyu mfupi, mmemnyang'anya msaidizi wake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mtu ana mafuta kiasi gani, ulizeni mafuta yake yanasema nini. Na lugha yanayoongea hupangwa, kwa sehemu kubwa, na ile hodi inayobishwa usiku na mchana.

Msikimbie na hili mkaenda kula maandazi. Sisi tuna vipokezi.

Wala msidhani kuzima hodi popote ni heri. Waliiondoa milango kwenye ini peke yake, kwingine kote wakaiacha. IGF-1 kwenye damu ilishuka vibaya sana, karibu yote. Mngetegemea neema. Ini likajaa mafuta, insulini ikaacha kusikika. Kwa hiyo mambo hayaendeshwi na kipimo kimoja cha damu ambacho mtu anaweza kukupimia dukani akakuuzia dawa yake.

Mzee wangu wa mbele hapa ameninong'oneza: "Kama ukosefu wake unarefusha maisha, Mungu aliiweka ya nini?" Nimelipenda swali. Mwangalieni kibete wa Ames. Joto la mwili wake liko chini kuliko la wenzake kwa zaidi ya nyuzi moja. Jike lake ni tasa. Akitoka maabara, usiku mmoja wa baridi unamtosha. Panya wa porini hakuahidiwa miaka mitano. Huko bundi anawahi kabla ya uzee. Kwake heri akue haraka, azae haraka, na figo zitajijua. Mwili ni kama fundi mwenye mifuko michache ya saruji: akiimaliza yote kuinua ghorofa, ufa wa chini ataukandika kwa nini? Panya kibete hakuinua ghorofa. Seli zake zikitiwa sumu kwenye chombo cha kioo zinavumilia kuliko za wenzake. Saruji yake iko kwenye nyufa.

Na inaonekana uamuzi huo hufanywa mapema sana. Maabara ya Bartke waliwachukua vibete wa Ames wakiwa wachanga, wakawadunga homoni ya ukuaji kwa wiki sita tu, kisha wakawaacha. Wiki sita! Miezi na miaka ikapita bila sindano. Lakini umri wao ulipungua. Baadaye Kopchick na wenzake wakajaribu upande wa pili: wakaiondoa milango kwa panya aliyekwisha kukua, mwenye miezi sita, mtu mzima kabisa. Majike wakaishi zaidi. Madume insulini yao ikasikika vizuri, ila umri haukurefuka. Panya, kama watu, hawana jibu moja kwa mume na mke.

Nimeahidi jibu la panya, lakini najua mnataka la watu.

Mwaka 1966 daktari Zvi Laron wa Israel alieleza watu wafupi sana ambao homoni ya ukuaji wanayo tele, lakini miili haiitiki. Ni wale wale wa hodi bila mwenyeji. Kundi kubwa zaidi la watu hao lipo kusini mwa Ekuado, kwenye vijiji vya milimani vya Loja, na daktari Jaime Guevara-Aguirre amewafuatilia kwa miongo. Mwaka 2011 yeye, Valter Longo na wenzao walichapisha habari za watu 99 waliofuatiliwa kwa miaka 22. Wengi wao ni wanene. Kisukari: hakuna hata mmoja. Saratani: mmoja, na haikumwua. Ndugu zao wa kimo cha kawaida, wanaokula chungu kimoja nao, asilimia 5 walikuwa na kisukari na asilimia 17 walipata saratani.

Basi wanaishi miaka mingi kuliko ndugu zao? Hapana. Na hapa ninawaomba mnisikilize, maana wauzaji wa upande wa pili nao wapo, watakaokuuzia dawa ya kuizima homoni. Watu wa Loja wanakufa kwa ajali, kwa pombe, kwa degedege. Panya wa maabara hapandi basi la milimani wala hakuna anayemcheka njiani kwa kimo chake. Ukilindwa na kisukari, bado kuna mengi ya kukuua.

Na kichupa kilitokea wapi? Kilitokea Julai 1990. Daktari Daniel Rudman na wenzake, huko huko Marekani, waliwadunga homoni ya ukuaji wanaume 12 wenye umri wa miaka zaidi ya 60, mara tatu kwa wiki, kwa miezi sita. Nyama ya mwili iliongezeka kwa asilimia 8.8. Mafuta yalipungua kwa asilimia 14.4. Wazee 12! Miezi sita! Biashara nzima ya dunia imejengwa juu ya migongo ya wazee 12. Majaribio ya baadaye yaliuliza swali ambalo muuzaji haulizi: nyama imeongezeka, je, nguvu? Nguvu haikuongezeka. Kilichoongezeka ni kuvimba miguu, maumivu ya viungo, ganzi ya viganja, na sukari kupanda. Wenye uvimbe kwenye pituitari, ambao homoni hii huwamwagikia maisha yao yote ya utu uzima, tunawajua: viganja vinapanuka, taya linarefuka, moyo unatanuka, kisukari kinaingia. Hakuna daktari anayewaita vijana.

Dawa mojawapo wanayopewa hao ina hadithi yake. Kopchick na mwanafunzi wake Wen Chen walikuwa wakiibadilisha homoni ya ng'ombe kipande kwa kipande, waone kila kipande kina kazi gani. Walipokibadilisha kipande kimoja, panya walizaliwa wadogo badala ya wakubwa. Homoni ile mpya inafika mlangoni na kukaa kizingitini: haingii, haondoki, na anayekuja nyuma yake hapiti. Kutoka hapo ikatengenezwa pegvisomanti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, mwaka ule ule aliokufa 11C.

Mama mmoja ameinua mkono muda mrefu. Ndiyo, mama? Anauliza: mtoto wake ana miaka tisa na hakui, je, sindano hizi ni haramu kwake? Mama yangu, hapana. Yupo mtoto ambaye tezi yake kweli haitoi homoni, huyo hupimwa na daktari wa watoto, na ikithibitika hupewa homoni hii hii kwa kipimo, na ni tiba ya haki kabisa. Usimnyime kwa sababu ya panya wangu. Baada ya hotuba tuonane, nitakueleza pa kuanzia.

Nimemaliza sauti. Kichupa nilikiahidi kurudi leo, nami sivunji ahadi. Nakiweka hapa mezani. Aliyekileta yumo humu ndani, wala sitamtaja wala sitamtazama. Mama wa mtoto wa miaka tisa, njoo tukae pale dirishani. Wengine, chai iko nje. Mimi nitakuwepo mpaka ukumbi ufungwe.